KUMTAFUTA MSIMAMIZI WA VIWANJA VYA MICHEZO NA SHEREHE: FUNZO LA MAJENGO, MOSHI

Jioni ya Jumamosi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walipoteza maisha na wengine zaidi ya kumi walijeruhiwa katika uwanja wa Majengo, mjini Moshi, chini ya miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Hawakuwa wamekwenda kutazama mpira. Walikuwa katika ibada, na msukumano ulitokea pale umati ulipokimbilia kupita mahali palipomwagwa mafuta yaliyoaminiwa kuwa ya upako. Miongoni mwa waliofariki walikuwamo watoto.

Mtaa wenye jina la Majengo hauko Moshi peke yake. Upo Mombasa, upo Nairobi, na upo katika miji mingine mingi ya Afrika Mashariki. Kiwanja cha wazi katika mitaa ya namna hiyo ni mali ya kila mtu: leo hutumika kwa mpira wa vijana, kesho kwa mkutano wa hadhara, keshokutwa kwa mahubiri au tamasha la muziki. Ndiyo maana msiba wa Majengo unawahusu pia wakaazi wa Unguja na Pemba, ambako Uwanja wa Amaan na Uwanja wa Gombani hupokea mechi, maadhimisho ya Mapinduzi na shughuli nyingine za umma.

Maelezo yanayofuata yanahusu swali moja: inapotafutwa nafasi ya kiongozi wa viwanja vikubwa vya mji, ni mtu wa aina gani anayetafutwa, na kwa njia gani apatikane? Jibu kwa ufupi ni kwamba anatafutwa mtu mwenye ujuzi wa kutambua hatari kabla haijafika, mwenye moyo wa kusimamisha shughuli, na aliyepewa mamlaka ya kufanya hivyo kwa maandishi. Sifa nyingine zote, ingawa ni muhimu, zinafuata baada ya hiyo.

Kazi yenyewe

Watu wengi hudhani kwamba meneja wa uwanja ni mtunza funguo na mkata majani. Dhana hiyo imedumu kwa sababu kazi hizo ndizo zinazoonekana. Kwa hakika majukumu yake yamegawanyika katika sehemu tano:

(a) Kutunza eneo la kuchezea, majukwaa, vyoo, taa, maji na majengo mengine ya uwanja.

(b) Kupanga ratiba ya matumizi, na kuamua shughuli ipi inafaa kufanyika hapo na ipi haifai.

(c) Kusimamia mapato ya kukodisha na ya mlangoni, pamoja na matumizi yake.

(d) Kulinda maisha ya watu wanaoingia, wanaokaa na wanaotoka.

(e) Kuunganisha kazi za Polisi, Zimamoto na Uokozi, hospitali, mamlaka ya mji, vyama vya michezo na waandaaji wa shughuli.

Sehemu ya nne ndiyo inayotawala nyengine zote. Majani yaliyokauka huota tena baada ya mvua, na mapato yaliyopungua mwezi huu huweza kufidiwa mwezi ujao. Uhai hauna fidia.

Historia ya viwanja katika bara la Afrika na kwengineko inathibitisha jambo hili. Tarehe 9 Mei 2001 watu 126 walikufa katika uwanja wa michezo wa Accra, Ghana, baada ya polisi kufyatua mabomu ya machozi kuelekea majukwaani, na watazamaji kukuta milango imefungwa. Tarehe 23 Oktoba 2010 watu saba walikufa katika Uwanja wa Nyayo, Nairobi, siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Tarehe 21 Machi 2021 watu 45 walifariki katika msongamano uliotokea Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, wananchi walipokwenda kuuaga mwili wa Rais John Magufuli. Mbili kati ya shughuli hizo zilikuwa mechi na moja ilikuwa maombolezo, na ya Majengo ilikuwa ibada. Kilichofanana katika zote nne ni watu wengi mno kutaka kupita mahali padogo kwa wakati mmoja.

Hesabu ya mlango

Yapo mambo katika kazi hii ambayo hayahitaji hekima ya pekee, bali hesabu. Nchini Uingereza upo mwongozo wa usalama wa viwanja uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1973, baada ya watu 66 kufa katika uwanja wa Ibrox, Glasgow, mwaka 1971. Mwongozo huo umerekebishwa mara kadhaa, khasa baada ya msiba wa Hillsborough wa tarehe 15 Aprili 1989 uliosababisha vifo vya watu 97. Kwa mujibu wa matoleo yake ya karibuni, njia tambarare yenye upana wa mita moja hupitisha watu wasiozidi 82 kwa dakika. Penye ngazi idadi hiyo hushuka hadi 66. Aidha, katika hali ya kawaida watazamaji wanatakiwa wawe wamekwisha kutoka majukwaani katika muda usiozidi dakika nane.

Kwa vipimo hivyo, mlango mmoja wenye upana wa mita 1.2 hupitisha watu wapatao 98 kwa dakika, yaani chini kidogo ya 790 kwa dakika nane. Ikiwa uwanja una watu 5,000 na mlango ulio wazi ni huo mmoja, itachukua takriban dakika 51 kuwatoa wote. Ili watoke kwa dakika nane, milango saba ya upana huo yahitajika, na yote iwe wazi. Kufuli moja iliyosahauliwa inatosha kuharibu hesabu nzima.

Katika misongamano ya namna hii, wengi wa wanaokufa hawakanyagwi. Hukosa pumzi wakiwa wamesimama. Watu wanapofikia sita au saba katika kila mita moja ya mraba, mtu hawezi tena kuamua anakokwenda, na umati husogea kama maji. Walio nyuma hawaoni yanayotokea mbele, nao huendelea kusukuma bila ya nia mbaya. Kwa hiyo sauti ya kuwaomba watulie, inapotolewa katika hatua hiyo, huwa imechelewa. Kazi ya msimamizi ni kuhakikisha kwamba hatua hiyo haifikiwi kabisa.

Wakaazi wa visiwani hawana haja ya kuelezwa zaidi maana ya idadi kupita kiasi. Meli ya MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikiwa imepakia kupita uwezo wake. Uwanja nao una kiwango chake cha upakiaji kama chombo cha baharini, na msimamizi wake ni nahodha. Nahodha asiyethubutu kuwakatalia abiria gatini hawezi kuwaokoa akifika mkondoni.

Mwenye uwanja ni nani

Kabla ya kutangaza nafasi ya kazi, yapasa ijulikane nani mwajiri na nani mwenye neno la mwisho. Jambo hili si jepesi kama linavyoonekana. Mjini Moshi kwenyewe, Uwanja wa Ushirika uko chini ya Chuo Kikuu cha Ushirika. Hapo ndipo huanzia na kumalizikia mbio za Kilimanjaro Marathon, zilizoanza mwaka 2003 na ambazo huwakusanya maelfu ya wakimbiaji kutoka nchi nyingi. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid wa Arusha na ule wa Kirumba, Mwanza, ni mali ya Chama cha Mapinduzi. Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2007 na wenye nafasi za watu wapatao 60,000, ni wa Serikali. Nchini Kenya, viwanja vya Nyayo na Kasarani vimewekwa chini ya shirika moja, Sports Kenya, lililoundwa kwa Sheria ya Michezo ya mwaka 2013.

Kila mpango una faida na kasoro zake. Chuo kina wataalamu na utaratibu wa hesabu, lakini kazi yake kuu ni masomo. Shirika la taifa lina uwezo wa fedha, lakini huweza kuwa mbali na mtaa. Manispaa iko karibu na wananchi, lakini hubanwa na bajeti. Lisilokuwa na faida hata kidogo ni kuwa na mabwana watatu kwa wakati mmoja: mmoja atoe kibali, wa pili apokee malipo, wa tatu ashike funguo, na siku ya msiba kila mmoja amtazame mwenziwe. Tangazo la kazi liseme waziwazi msimamizi anawajibika kwa nani, na nani anawajibika kwake.

Sifa za mwombaji

Ni kawaida katika nchi nyingi kumpa nafasi hii mchezaji mstaafu mwenye jina, au mtumishi anayekaribia kustaafu ambaye yafaa atunukiwe. Heshima kwa watu hao ni haki yao, lakini kupiga mpira vizuri hakumfundishi mtu kuupanga umati wa watu elfu kumi. Mchezaji mstaafu asinyimwe nafasi kwa kuwa ni mchezaji, wala asipewe kwa sababu hiyo tu.

Uzoefu unaofaa huweza kupatikana mahali ambapo wengi hawapafikirii. Aliyesimamia upakiaji wa abiria bandarini, ofisa wa Zimamoto na Uokozi, msimamizi wa soko kubwa, muuguzi aliyeongoza chumba cha dharura, mtu aliyepeleka vikundi vya mahujaji kwa miaka mingi: wote hao wamejifunza namna watu wengi wanavyokwenda, wanavyochoka na wanavyoogopa. Wanawake wahimizwe kuomba, kwani hakuna sehemu ya kazi hii inayowahusu wanaume peke yao.

Elimu ya uongozi, uhandisi au fedha ni ya lazima kwa kiwango kinachostahili, kwa vile uwanja ni mali yenye thamani kubwa. Hata hivyo, shahada isichukuliwe kuwa ushahidi wa uthabiti. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Anayehitajika ni yule anayeweza kuvumilia lawama za saa moja ili kuepusha kilio cha miaka.

Hatua za uteuzi

Sheria ya Utumishi wa Umma ya Zanzibar, Namba 2 ya mwaka 2011, inaweka msingi wa ajira kwa sifa na kwa ushindani wa haki. Kwa upande wa Tanzania Bara, nafasi nyingi za utumishi wa umma hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Hata pale ambapo nafasi hujazwa kwa uteuzi wa kiongozi wa juu, hakuna linalozuia sifa zake kuandikwa mapema na kufuatwa.

Usaili wa ofisini hautoshi kwa nafasi hii. Mwombaji anapoulizwa kama anajali usalama, hakuna atakayejibu kwamba hajali. Inafaa sehemu ya usaili ifanyike uwanjani penyewe. Kila mwombaji apewe mchoro wa uwanja, futi ya kupimia na muda wa saa mbili, kisha aseme uwanja huo unaweza kupokea watu wangapi kwa usalama na aonyeshe hesabu yake. Ahesabu milango, apime upana wake, ajaribu makufuli, na aonyeshe gari la wagonjwa litapita wapi. Mjini Moshi angetakiwa aeleze njia ya kuwafikisha majeruhi Hospitali ya Mawenzi na KCMC wakati barabara zimejaa watu wanaotoka uwanjani.

Baada ya hapo apewe jambo la kuamua. Mathalani: shughuli imechelewa kwa sababu mgeni rasmi hajafika, giza linaingia, taa za upande mmoja hazifanyi kazi, uwanja umejaa, na nje wamebaki watu elfu mbili wenye tiketi mkononi. Mtu mwenye cheo kikubwa anapiga simu akiagiza milango ifunguliwe. Mwombaji afanye nini katika dakika tano zinazofuata, amwambie nani, na kwa maneno gani? Jibu la swali hilo lipewe alama nyingi kuliko jengine lolote.

Aidha, wadhamini wa mwombaji wasiulizwe tu kama ni mwaminifu na mchapakazi. Waulizwe ni lini alikataa agizo lisilo salama, na ilikuwaje. Mwombaji mwenyewe atamke kwa maandishi kama yeye au jamaa zake wana biashara ya kuandaa matamasha, kuuza tiketi, ulinzi au vyakula uwanjani. Muda wa matazamio usimalizike mpaka awe amesimamia angalau shughuli moja kubwa, na taarifa yake imesomwa na Polisi, Zimamoto na hospitali.

Mamlaka kwa maandishi

Kumpata mtu jasiri na kumwacha bila ya kinga ni kumdhulumu. Barua ya uteuzi yapasa ieleze mambo manne. Kwanza, kwamba idadi ya juu ya watu kwa kila aina ya shughuli itawekwa kwa hesabu, itabandikwa mlangoni, na haitabadilishwa kwa mdomo na mtu yeyote. Pili, kwamba msimamizi anaweza kuahirisha, kusimamisha au kufunga shughuli bila ya kusubiri ruhusa, pindi anapoona hatari. Tatu, kwamba hatahamishwa wala kuadhibiwa kwa uamuzi aliouchukua kwa nia njema na kwa kufuata mwongozo. Nne, kwamba kila shughuli kubwa itafuatiwa na taarifa, hata kama hakuna baya lililotokea.

Jambo jengine linalohitaji uangalifu ni malipo. Iwapo marupurupu ya msimamizi yatapimwa kwa mapato ya mlangoni peke yake, mwajiri atakuwa amemlipa ili ajaze uwanja kupita kiasi. Inafaa utendaji wake upimwe pia kwa ukaguzi uliofanyika kwa wakati, milango inayofunguka, wahudumu waliofunzwa na malalamiko yaliyoshughulikiwa.

Kulegea katika mambo haya kuna gharama hata pale ambapo hakuna aliyekufa. Mwezi Agosti 2025, wakati wa mashindano ya CHAN yaliyoandaliwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania, Shirikisho la Soka la Afrika lilipunguza hadi 27,000 idadi ya watazamaji wa mechi ya Kenya katika uwanja wa Kasarani, baada ya kasoro za ulinzi milangoni. Nchi hizo tatu ndizo zilizopewa, mwezi Septemba 2023, uenyeji wa fainali za Mataifa ya Afrika za 2027. Viwanja vimejengwa na vyengine kufanyiwa matengenezo makubwa. Amaan ulifunguliwa upya mwezi Disemba 2023. Fedha nyingi zimekwenda katika saruji, viti na taa. Haitakuwa busara kumtafuta kwa haraka na kwa upendeleo mtu atakayekabidhiwa vyote hivyo.

Wajibu wa watumishi na wananchi

Msimamizi mzuri hawezi kufanya kazi peke yake. Watumishi wanaotoa vibali wanatakiwa wasipitishe ombi la shughuli mpaka waone idadi ya watu wanaotarajiwa, saa ya kuanza na kumaliza, na mpango wa kuingia na kutoka. Saa ya kumaliza iheshimiwe, kwani watu waliochoka gizani hawatoki kama walivyoingia mchana. Waandaaji, wawe wa michezo, wa siasa, wa muziki au wa dini, waelewe kwamba masharti ya uwanja ni mamoja kwa wote. Aliyekodi uwanja amekodi mahali. Hajakodi ruhusa ya kuhatarisha watu.

Wananchi nao wana haki ya kuuliza. Mzazi anayempeleka mtoto uwanjani aangalie milango iko wapi kabla ya kutafuta pa kukaa. Akiona mlango wa kutokea umefungwa kwa kufuli wakati watu wamo ndani, amwarifu mhudumu au askari palepale. Anapoambiwa kwamba uwanja umejaa, arudi nyumbani hata kama ana tiketi, na madai ya fedha yake ayafuatilie siku ya pili. Tahadhari kabla ya athari si maneno ya kupamba kuta za ofisi. Ni maneno yanayopimwa mlangoni.

Hatimaye, ifahamike kwamba kazi ya msimamizi wa viwanja ikifanywa ipasavyo haitangazwi. Hakuna gazeti linaloandika kwamba watu elfu kumi waliingia uwanjani, wakafurahi, wakatoka kwa dakika nane na kulala majumbani kwao. Tarehe 1 Februari 2020 familia za watu 20 zilisubiri jamaa zao warudi kutoka uwanja wa Majengo, na hawakurudi. Kila kamati ya usaili itakayokaa kumchagua msimamizi wa uwanja, iwe Moshi, Unguja au Pemba, iulize kwanza kama mwombaji aliye mbele yake angeufunga mlango wa kuingilia usiku ule, na kuifungua yote ya kutokea.